Mimi ni A, mume wangu ni B, mtoto wetu ni O hasi: je, inawezekana?

"Daktari, mimi nina kundi la damu A chanya na mume wangu ni B chanya; sote tulipimwa siku tulipokwenda kujitolea damu. Miezi miwili iliyopita nilijifungua binti yetu wa kwanza, na kadi aliyopewa hospitalini imeandikwa O hasi. Mama mkwe wangu alipoiona alisema mtoto hufuata damu ya baba, na kwamba mtoto asiye na A wala B, tena hasi wakati wazazi wote wawili ni chanya, hawezi kuwa wa nyumba hii. Mume wangu hajasema neno, lakini hambebi tena mtoto kama alivyokuwa akimbeba. Mimi najijua kwamba sijatoka nje ya ndoa yangu. Je, maabara imekosea? Je, jambo kama hili linawezekana? Na damu hiyo ina hatari yoyote kwa mwanangu?"

Dada yangu, nalitanguliza jibu unalolisubiri: ndiyo, inawezekana, na haihitaji maabara iwe imekosea wala mtu awe amekosa. Mama wa kundi A na baba wa kundi B wanaweza kuzaa mtoto wa kundi lolote kati ya yote manne, na wazazi wawili walio chanya wanaweza kuzaa mtoto aliye hasi. Maneno yako kuhusu mumeo kuacha kumbeba mtoto nimeyarudia kuyasoma mara kadhaa, na kwa ajili yake nimeamua kueleza jambo hili kwa urefu, ili uweze kumsomea yeye, na ikibidi mama mkwe wako pia, hatua kwa hatua, bila kuwataka waamini neno langu tu.

Tuanze na zile herufi zenyewe, kwa sababu shida yote imetokana na kuzidhania kuwa zinasema zaidi ya zinavyosema. Mwaka 1900, mjini Vienna, daktari Karl Landsteiner alichukua damu yake mwenyewe na ya wenzake wa maabara, akatenganisha seli nyekundu na majimaji yake, kisha akachanganya seli za huyu na majimaji ya yule. Mara nyingine mchanganyiko ulibaki laini, mara nyingine seli zilishikamana mafungumafungu, na alipoyapanga matokeo aliona kwamba yana utaratibu. Mwaka 1901 alichapisha makundi matatu aliyoyaita A, B na C. Hilo la C ndilo tunaloliita O leo, na katika baadhi ya nchi huandikwa kama tarakimu ya sifuri. Mwaka uliofuata Alfred von Decastello na Adriano Sturli walieleza kundi la nne, ambalo ndilo AB. Landsteiner alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1930 kwa kazi hiyo.

Alichokiona ni hiki. Juu ya kila seli nyekundu kuna minyororo mifupi ya sukari, na karibu binadamu wote tunao mnyororo wa msingi unaoitwa H. Mtu mwenye urithi wa A ana kimeng'enya, yaani protini inayofanya kazi ya kikemikali mwilini, kinachoongeza sukari moja ya ziada kwenye ncha ya mnyororo huo. Mwenye urithi wa B ana kimeng'enya kinachofanana sana na hicho, lakini kinaongeza sukari ya aina nyingine, iitwayo galaktosi. Mwenye vyote viwili hupata alama zote mbili, naye ndiye AB. Na mwenye O? Kimeng'enya chake hakifanyi kazi, kwa hiyo mnyororo wa H unabaki ulivyo, bila kuongezwa kitu. Nakuomba ulishike hili, kwa sababu ndani yake ndimo limo jibu: O si aina ya damu iliyotoka mahali pengine ikaingia katika familia yenu. O ni mnyororo uleule mlio nao wewe na mumeo, ila haukuongezewa chochote mwishoni.

Maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya hicho yamo katika jeni iliyo kwenye kromosomu ya 9, na kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Kwa hiyo si kweli kwamba mtoto hufuata damu ya baba. Kauli hiyo nimeisikia kwa watu wengi, wakiwemo waliosoma, wala simlaumu mama mkwe wako kwa kuirudia, lakini mwilini haina msingi. Mtoto harithi damu ya baba, wala haundwi kwa damu ya mama. Hurithi nusu ya maelekezo kwa kila mmoja, kisha hutengeneza damu yake mwenyewe.

Sasa zitazame nakala hizo mbili. Nakala ya A hujionyesha hata ikiwa peke yake, na ya B vivyo hivyo, ilhali ya O ni bubu. Mtu aliyepata A kwa mzazi mmoja na O kwa mwingine atakuwa na sukari ya A juu ya seli zake, na kadi yake itaandikwa A, sawasawa na mtu aliyepata A kwa wazazi wote wawili. Kwa urithi watu hao wawili ni tofauti, mmoja AO na mwingine AA, lakini kwenye kadi ni kitu kimoja. Ndivyo ilivyo pia kwa BO na BB. Ni wa O peke yake, na wa AB, ambaye kundi lake lilivyoandikwa ndivyo urithi wake ulivyo.

Huenda mumeo akauliza kwa nini basi maabara haikuandika kwamba wewe ni AO. Haikuandika kwa sababu haikuona. Kipimo chenyewe, kwa namna yake ya kale ambayo bado inatumika kila siku, hufanywa kwenye kigae cheupe. Mpimaji anadondosha matone matatu ya vitendanishi, yaani majimaji ya kupimia yanayozishikamanisha seli zenye alama husika: la anti-A lililotiwa rangi ya buluu, la anti-B lililotiwa manjano, na la anti-D, la kupimia chanya na hasi, ambalo halina rangi. Pembeni ya kila tone anaweka tone dogo la damu, anakoroga kwa kijiti safi, kila tone na kijiti chake, kisha anakiinua kigae na kukiyumbisha taratibu huku akitazama. Kwako, tone la buluu lilianza kuwa na chembechembe kama mchanga mwekundu, kisha majimaji yakajitenga pembeni. Tone la manjano likabaki laini kama rangi iliyokorogwa vizuri. Nimekitazama kigae hicho kwa miaka mingi, na hakuna jicho linaloweza kutofautisha mchanga wa AA na mchanga wa AO. Kitendanishi kinakutana na kilichopo juu ya seli tu. Nakala bubu iliyolala ndani ya jeni hakigusani nayo.

Kwa hiyo, ikiwa wewe ni AO na mumeo ni BO, kila mmoja wenu hutoa moja kati ya nakala zake mbili bila kuchagua. Akipata A yako na B yake, mtoto ni AB. Akipata A yako na O yake, ni A. O yako na B yake, ni B. O yako na O yake, ni O, kama binti yenu. Kila moja ya njia hizo nne ina nafasi sawa katika kila mimba, yaani robo. Na ukiigeuza hesabu, binti yenu ndiye anayewafundisha jambo ambalo kadi zenu hazikuweza kulisema: wewe ni AO, na baba yake ni lazima awe na nakala ya O.

Hapo pana jambo moja ambalo ningependa mlifanye kwa upole, si kwa kushindana. Mwulizeni mama mkwe wako kundi lake mwenyewe, au apimwe siku moja na ninyi. Akiwa O, hakuwa na cha kumpa mwanawe isipokuwa O. Akiwa A, vilevile ni lazima alimpa O, kwa sababu kama angempa A, mumeo asingekuwa B, bali AB. Katika hali hizo mbili hakuna haja ya kukisia: mumeo ni BO, na nakala bubu anayoishangaa bibi kwa mjukuu ilipitia kwake yeye. Akiwa B au AB, swali linabaki wazi na itafaa kujua kundi la baba mkwe. Upande wako ni hivyohivyo: mzazi wako mmoja akiwa O au B, wewe ni AO bila shaka yoyote.

Neno hasi ni habari ya mfumo mwingine kabisa, uitwao Rh. Landsteiner na Alexander Wiener waliutangaza mwaka 1940 baada ya kufanya majaribio kwa damu ya kima aina ya rhesus, na jina likabaki. Hapa hatuzungumzii sukari, bali protini iitwayo D iliyopenya katika utando wa seli nyekundu. Aliye nayo ni chanya, asiye nayo ni hasi. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya 1, na katika watu wengi walio hasi jeni hiyo haipo kabisa. Nakala moja tu yenye jeni hiyo inatosha kumfanya mtu awe chanya, na kwa hiyo mtu anaweza kuitwa chanya maisha yake yote huku nakala yake ya pili ikiwa haina kitu. Wawili wa namna hiyo wakikutana, robo ya nafasi katika kila mimba ni ya mtoto aliye hasi. Hali hiyo inaweza kupita vizazi kadhaa bila kuonekana, ndiyo maana familia hushtuka inapotokea.

Kwa kuwa jeni hizo mbili ziko kwenye kromosomu tofauti, kila moja hurithiwa kivyake, na nafasi ya kupata O na hasi kwa pamoja, kwa wazazi wenye nakala hizo zilizofichika, ni robo ya robo, yaani moja kati ya 16. Ni sawa na kurusha sarafu mara nne na kila mara ikaangukia upande ulioutaja. Haitokei kila siku, lakini atakayekaa akirusha ataiona.

Yapo matokeo ambayo kweli yangenifanya nisite. Mzazi wa O kupata mtoto wa AB, mzazi wa AB kupata mtoto wa O, wazazi wawili wa O kupata mtoto wa A au B, au wazazi wawili walio hasi kupata mtoto aliye chanya: hayo hayafuati kanuni niliyoieleza. Hali yenu haimo humo. Na hata katika hayo, nisingesema neno kabla ya kupima upya, maana zipo tofauti adimu zinazojulikana. Wapo watu ambao A na B zao zimo katika nakala moja, nao wanaweza kumrithisha mtoto nakala nyingine ya O ingawa wao wenyewe ni AB. Wapo wasio na mnyororo wa H wenyewe, hali iliyoelezwa mara ya kwanza Bombay mwaka 1952. Kipimo cha kawaida huwaandika O hata kama wamebeba jeni ya A au B, kwa kuwa sukari hizo hazina pa kushika. Wapo pia wenye protini D hafifu kiasi kwamba mpimaji mmoja huwaandika hasi na mwingine chanya.

Lakini nawiwa kukueleza ukweli wote. Kundi la damu linaweza kumwondoa mtu katika orodha ya wanaoweza kuwa baba. Haliwezi kuthibitisha kwamba fulani ndiye. Katika kesi mashuhuri dhidi ya mwigizaji Charlie Chaplin huko California, mtoto alikuwa B, mama A na Chaplin O. Mtoto huyo hakuweza kuipata B kwa mama, na Chaplin hakuwa nayo ya kumpa, kwa hiyo damu ilimwondoa kabisa, ingawa wazee wa baraza mwaka 1945 waliamua kinyume cha kipimo. Kadi ya binti yako haimwondoi mumeo. Haimtuhumu mtu yeyote. Nikisema zaidi ya hapo nitakuwa nimeifanya kadi iseme nisemayo mimi, na huko ndiko tulikokuta kosa la kwanza.

Uliuliza kama maabara imekosea. Kwa kuwa matokeo yanaelezeka, si lazima liwepo kosa, lakini hata hivyo nashauri kipimo kirudiwe. Makosa mengi katika kazi hii hayatokei kwenye kigae. Hutokea kitandani, pale chupa mbili zinapobadilishana majina. Kwa mtoto mchanga pana sababu nyingine pia. Mtu mzima hupimwa pande mbili: seli zake dhidi ya vitendanishi, na majimaji ya damu yake dhidi ya seli zinazojulikana, ili upande mmoja uusahihishe mwingine. Mtoto mchanga bado hajatengeneza kingamwili zake za anti-A na anti-B, yaani protini za kinga zinazozishambulia seli zenye alama hizo, ambazo kwa kawaida huanza kuonekana kati ya miezi 3 na 6, na zile alizo nazo ni za mama yake. Isitoshe, alama za A na B juu ya seli zake bado hazijakomaa. Kwa hiyo kundi la mtoto mchanga tunalichukua kuwa la awali. Nisingemchoma mtoto mwenye afya kwa sababu ya maneno ya watu tu. Subirini avuke miezi sita, mwende wote watatu siku moja katika maabara ya hospitali yenye huduma ya damu, mkipimwa kila mmoja kwa pande zote zinazowezekana. Endapo ataandikwa kundi jingine, msishtuke, kwa kuwa A, B na AB nazo zinatokana na ninyi.

Kuhusu kipimo cha vinasaba, wengine watakuambia ukikatae kwa heshima, wengine watakuambia ukikimbilie. Mimi naona hivi: kitabibu hakihitajiki, kwa sababu hakuna fumbo la kutegua. Kinachohitajika ni mumeo aelewe. Anza kwa kukaa naye mbele ya daktari au mshauri wa masuala ya urithi, amsikie mtu mwingine akieleza haya akiwa na karatasi na kalamu. Mara nyingi nimeona uso wa baba ukifunguka hapo hapo, anapojichorea mwenyewe zile njia nne katika miraba minne. Ikiwa baada ya hapo shaka bado inamla, kipimo cha vinasaba ndicho pekee kitakachoimaliza, na si aibu kukikubali, mradi mmekiamua wawili, mmeelezwa kabla matokeo hayajatoka, na kimefanywa katika maabara inayotambuliwa kisheria. Kisifanywe kwa siri, na kisiwe sharti la bibi. Na kama kimya cha mumeo kitageuka vitisho, usisubiri kipimo chochote. Nenda kwa watu unaowaamini, na utafute msaada.

Sasa afya ya binti yako. Damu ya O hasi si dhaifu, si pungufu, wala haileti ugonjwa kwa kuwa ilivyo. Wala hamkugombana kwa damu alipokuwa tumboni: wewe ni chanya, kwa hiyo mwili wako haukuwa na sababu ya kuipinga protini D, na kingamwili za anti-B ulizo nazo hazikukuta alama ya B kwenye seli zake. Lililo muhimu kwake ni pale atakapohitaji kuongezewa damu. Akikua atakuwa na anti-A na anti-B, ambazo hujitokeza zenyewe bila mtu kuwahi kuongezewa damu, kwa kuwa vijidudu vya tumboni vina sukari zinazofanana na hizo. Seli za A au B zikiingia mwilini mwake, kingamwili hizo zinaweza kuzipasua ndani ya mishipa katika dakika chache, na figo zikaumia. Kwa hiyo seli nyekundu zinazomfaa ni za O hasi. Hata hivyo kadi peke yake haimtoshi mtu yeyote, maana mifumo ya makundi ya damu inayotambuliwa leo imepita 40, na kadi hutaja miwili tu. Ndiyo sababu hospitali hulinganisha damu ya mgonjwa na ya mtoaji kabla ya kuiongeza, na usikubali hatua hiyo irukwe isipokuwa maisha yakiwa hatarini saa ileile.

Mpeleke kwa daktari bila kuchelewa ukiona macho au ngozi yake ni ya manjano katika umri huu, amepauka viganjani na midomoni, ananyonya kwa shida au amelegea. Hayo hayaletwi na kundi lake, lakini yanahitaji kuonwa kwa macho na kupimwa.

Yapo na ya mbele. Anti-D, tofauti na zile nyingine, haijitokezi yenyewe. Hutengenezwa pale mtu aliye hasi anapokutana na seli chanya. Binti yako akiwa mwanamke na kubeba mimba ya mtoto aliye chanya, seli chache za mtoto zinaweza kuingia katika damu yake, hasa wakati wa kujifungua, mwili wake ukajifunza kuzipinga, na mimba inayofuata ikapata madhara. Tangu mwaka 1968 ipo sindano ya anti-D inayozuia hilo. Kwa kawaida hutolewa karibu na wiki ya 28 ya ujauzito, na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto aliye chanya, na pia mimba ikiharibika au damu ikitoka. Mkishathibitisha kundi lake, ihifadhi karatasi hiyo pamoja na cheti chake cha kuzaliwa, na akifikia umri wa kuelewa mweleze wewe mwenyewe, ili siku atakapokwenda kliniki kwa mimba yake ya kwanza alitaje hilo kabla hajaulizwa.